Matairi Laini ya Memsahibu

Kabla matairi hayajabadilishwa, kila mtu katika shamba la mkonge la Bwana Petridis, nje kidogo ya Kimamba, alijua Wenceslaus yuko wapi. Motokaa aliyoiendesha ilikuwa saluni kubwa nyeusi, iliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza mwaka ule bei ya katani ilipopanda, yenye viti vya ngozi na milango mizito iliyofungwa kwa sauti ya chini kama kabati la sakristia. Lakini matairi iliyokuja nayo kutoka kiwandani yalikuwa magumu, yenye meno makubwa, na kwenye barabara ya changarawe yalivuma. Wakata mkonge waliusikia mvumo huo mapema, wakaacha soga na kuinama tena kwenye majani. Watoto wa kambini walikimbilia kando ya njia kumpungia mkono. Sesilia, mkewe, aliusikia ukivuka reli, ndipo alipoinjika sufuria ya ugali.

"Wewe huna haja ya kupiga hodi," alikuwa akimwambia. "Umeanza kupiga tangu stesheni."

Wenceslaus alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufikiri kwanza ndipo ajibu. Baba yake alikuja Kilosa na ujenzi wa reli na hakurudi tena kwao. Yeye alijifunza kuendesha malori katika vita vya Burma, na huko ndiko alikozoea kusikiliza gari: ekseli inayolalamika, breki iliyoingia mchanga, hewa inayovuja taratibu. Aliporudi hakusimulia vita. Alipata kazi kwa Bwana Petridis, akamwoa Sesilia kanisani Kilosa, wakapewa chumba na jiko katika kambi ya manamba, vibarua wa shamba.

Mtoto wao wa kwanza alifariki siku aliyozaliwa. Alikuwa amelala upande tumboni, na Bi Joha, mkunga wa Mabwerebwere pale mjini Kilosa, aliitwa kwa kuchelewa. Hata hivyo hakuondoka. Alitandika mkeka akalala mgongoni kwa Sesilia, mgongo kwa mgongo, mpaka maziwa yalipokauka. Wenceslaus alipomuuliza kama hiyo ni lazima, alimjibu kama anayeeleza jinsi ya kupika uji.

"Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga asilale akiwa na nafasi tupu nyuma yake. Nafasi ile haikai tupu."

Basi Sesilia alipopata mimba ya pili alikuwa na ombi moja tu kwa mumewe. Siku ikifika, Bi Joha awepo, na awepo mapema. Hospitali ilikuwepo Kilosa, lakini yeye alitaka mikono aliyoijua.

Miezi ile ile, kwenye nyumba kubwa, mke wa Bwana Petridis naye alijifungua. Mtoto alikaa siku chache akafa. Wafanyakazi waliona jeneza dogo likipakiwa kwenye kiti cha nyuma cha motokaa, kwa sababu bwana hakutaka lori, na Wenceslaus akalipeleka makaburini Kilosa, bwana na memsahibu wakiwa wamelipakata. Tangu siku hiyo memsahibu hakulala. Mpishi alisema alikuwa akitembea barazani akishika nguzo moja baada ya nyingine. Daktari akatoa vidonge, havikusaidia. Ikaja kujulikana kwa bahati tu kwamba akiwekwa kwenye motokaa baada ya chakula cha mchana, na gari likienda bila kusimama, macho yake hujifumba. Lakini mvumo wa matairi ulimwamsha kila alipokaribia kuzama.

Bwana Petridis akaagiza matairi mengine. Yalikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam yamefungwa kwa karatasi za kahawia: mapana, laini, yenye mifereji myembamba badala ya meno.

Wenceslaus aliyafunga pamoja na Yeremia, fundi wa gereji ya shamba, mtu asiyeweza kufanya kazi akiwa amefunga mdomo. Yeremia aliminya tairi jipya kwa kidole gumba.

"Hili si tairi, hili ni shavu la mtoto," alisema. "Na haya ya zamani? Mapya kabisa, hayajala hata barabara."

"Bwana amesema hataki kuyaona tena."

"Basi mimi nitayaona kwa niaba yake. Nitakata makatambuga, kambi nzima itembee kwa matairi ya Uingereza. Wewe utapata jozi ya bure kwa kuwa umeshika jeki."

Wenceslaus alipunguza upepo kidogo ili gari likae vizuri zaidi juu ya mawe, akalizungusha mara moja uani. Yeremia, aliyekuwa ameinama akiokota spana, hakugeuka mpaka bampa lilipomgusa kwenye suruali.

"Wewe," alisema akijifuta jasho. "Piga honi unapokuja nyuma ya mtu."

Mchana huo memsahibu alilala kabla hawajafika Kilosa. Walivuka daraja la Mkondoa, wakashika barabara ya kusini inayokwenda Mikumi, milima mkono wa kulia. Wenceslaus hakuwahi kuendesha kitu cha namna ile. Changarawe zilipita chini ya gari kama mchele unaomwagwa juu ya kitambaa. Aliisikia saa ya dashibodi. Aliisikia ngozi ya kiti ikilia kidogo memsahibu alipojigeuza. Aliisikia pumzi yake, ndefu na nzito, ya mtu aliyechoka kwa muda mrefu.

Halafu akasikia pumzi nyingine.

Ilikuwa ndogo. Mbili fupi, kimya, kisha moja ndefu iliyokwama kidogo mwishoni, kama inayokumbuka jambo. Alidhani ni vali ya tairi. Akasimamisha gari, akashuka, akazunguka akitega sikio kwenye kila gurudumu. Jua lilikuwa kali na nyasi hazikutikisika. Matairi yote yalikuwa mazima. Alipoingia tena na kufunga mlango, ilikuwepo, nyuma yake, upande ule memsahibu alioupa mgongo.

Akaangalia kwenye kioo. Memsahibu amelala ubavu, kajikunja, uso kwenye pembe ya kiti, mdomo wazi. Nyuma yake kulikuwa na nafasi ya kiti, tupu, ngozi imebonyea kidogo.

Akaendesha.

Mbele zaidi, pale nyanda zinapoanza kufunguka, walikuwepo ng'ombe wa Lekishon, mfugaji aliyemfahamu kwa kununua maziwa. Zamani ng'ombe wale waliinua vichwa gari likiwa bado mbali. Siku hiyo lilipita katikati yao na hakuna hata mmoja aliyeinua. Lekishon mwenyewe alikuwa kaegemea mkuki barabarani, na Wenceslaus ilibidi asimame kabisa.

"Sikukusikia," Lekishon alisema. Akainama kuchungulia kiti cha nyuma, akarudi hatua mbili. "Hawa ng'ombe wanajua simba, wanajua moto, wanajua treni. Hiki unachoendesha hawajui kama kipo."

"Ni matairi tu. Ni laini."

"Ndiyo," Lekishon alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishana. Tangu siku hiyo aliwachungia ng'ombe wake mbali na barabara.

Haikuchukua muda mrefu, maneno yakaenea. Watu walikuwa wakiokota kuni au wakifunga matita ya mkonge, wanageuka, wanakuta motokaa nyeusi iko nyuma yao, haijatoa sauti yoyote, na ndani yake mwanamke mweupe amelala kama maiti. Nani aliyelisema kwanza hakujulikana, lakini neno lenyewe lilikuwa linajulikana nchi nzima: mumiani, wale wanaosemekana kuwakamata watu na kuwatoa damu ya kufanyia dawa. Kwa nini tena mtu mwenye fedha anyamazishe gari lake? Na yule mwanamke, damu ya kumwamsha itatoka wapi kama si kwa watu wa kambini? Waliokuwa wamenunua makatambuga kwa Yeremia wakayatupa chooni. Yeremia akalalamika kwamba choo kimeziba kwa bidhaa zake.

Watoto hawakupunga tena mikono. Bombani wanawake walimwachia Sesilia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji, wakanyamaza mpaka aondoke na ndoo yake. Jirani yake Hildegarda, aliyezoea kukopeshana naye chumvi, alianza kuazima kwingine.

"Nimekuwa kama mgonjwa wa ukoma," Sesilia alisema huku akichambua mboga, tumbo likiwa kubwa mbele yake. "Mimi hilo naliweza. Lakini Bi Joha umemwona?"

Wenceslaus alimwendea Jumapili baada ya misa. Alimkuta Bi Joha kwenye kibaraza chake, anapeta mchele.

"Shikamoo, Bi Joha."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Alisimama pale penye ukingo wa uwanja uliofagiwa.

"Sesilia yuko kwenye mwezi wa kujifungua."

"Najua. Na mtoto amelala tena upande, nilimpapasa alipokuja mara ya mwisho. Atahitaji kugeuzwa."

"Basi utakuja."

Bi Joha aliendelea kupeta. Makapi yakaruka, yakatua kwenye khanga yake.

"Wenceslaus, mwanangu, hadithi za mumiani nawaachia wanywa gongo. Anayetaka damu yangu mimi atatoka na maji matupu. Lakini juzi nilikuwa nimekaa papa hapa, gari lako likapita pale. Nililiona, sikulisikia. Na nilichokiona kwenye kiti cha nyuma sitakisema, kwa sababu sina hakika nacho. Nyumba ya mtu anayezunguka na kitu kile siingii. Sikuchukii."

"Uliona nini?"

"Nimekwambia siingii."

Hakumweleza kuhusu pumzi. Alitaka, lakini aliona kwamba akiisema kwa sauti itakuwa ni kweli, na pia atakuwa amempa Bi Joha sababu ya pili ya kukataa. Akarudi kambini akamwambia Sesilia sehemu tu ya maneno yale.

"Nikupeleke hospitali basi," alisema.

"Kwa gari gani? Kwa motokaa ile? Afadhali nikazalie kwenye mistari ya mkonge." Sesilia aliacha mboga. "Rudisha yale matairi ya zamani. Watu wakusikie tena. Ndicho ninachokuomba."

Matairi ya zamani yalikuwa yamekwisha kuwa makatambuga, na hata yasingekuwa hivyo, Bwana Petridis alimjibu ofisini bila kuinua macho.

"Mke wangu analala, Wenceslaus. Baada ya muda wote huu, analala. Unajua maana yake?"

Wenceslaus alijua. Kila mchana aliisikia maana yake nyuma ya kichwa chake, mbili fupi, kimya, moja ndefu.

Uchungu ulimshika Sesilia asubuhi, Bwana Petridis akiwa amesafiri kwenda Dar es Salaam. Ukaenda polepole, kama ule wa kwanza. Mama wa chumba cha tatu alipita, akachungulia mlangoni, akasema pole, akaendelea na safari yake. Ilipofika saa ya memsahibu, Sesilia alikuwa amepiga magoti, mikono kwenye kitanda.

"Nenda," alisema. "Usiponiletea Bi Joha, usirudi kuniangalia."

Akamchukua memsahibu barazani, akamfungulia mlango. Alilala kabla hawajapita stesheni ya Kimamba. Wenceslaus aliendesha mpaka Kilosa, na badala ya kufuata daraja akakata kwenye vichochoro vya Mabwerebwere, gari likipita katikati ya kuta za udongo bila kumwamsha hata kuku. Bi Joha alikuwa anaanua nguo, amewapa mgongo. Gari lilikuwa limeshasimama kwenye uwanja wake alipogeuka na nguo mikononi.

Hakupiga kelele. Uso wake tu ndio ulioporomoka.

"Sesilia ameshikwa," Wenceslaus alisema, akiwa ameshuka. "Sikuombi uniamini mimi. Njoo umguse huyu mama. Uone kama ni maiti."

Bi Joha aliweka nguo juu ya kamba, akaja taratibu, akapitisha mkono dirishani. Aliuweka kwenye bega la memsahibu, kwenye shingo, kisha kifuani. Pale mkono ulisita. Gauni lilikuwa na doa kubwa bichi kila upande.

"Ana maziwa," alisema.

"Mtoto wake alikufa. Ni muda sasa."

"Na maziwa bado yanatoka." Alimtazama Wenceslaus. "Nani analala mgongoni kwake?"

"Hakuna. Bwana ana chumba chake."

"Mama yake? Dada?"

"Wako kwao, Ulaya."

Bi Joha aliinamisha kichwa ndani ya dirisha. Alikaa hivyo muda mrefu, akisikiliza, na Wenceslaus alijua anachokisikia, kwa sababu naye alikuwa anakisikia kutoka pale aliposimama, mchana kweupe, wapita njia wakiwa wameanza kukusanyika mbali.

"Tangu lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu nilipofunga haya matairi. Au tangu zamani. Yale ya kwanza yalikuwa na kelele, nisingeweza kujua."

"Na mmemwacha tu hivi. Watu wazima mnamtembeza na gari." Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilimrudishia uso wake. Akaingia ndani, akatoka na mkoba wake wa ukunga, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango wa nyuma. Pale kwenye nafasi tupu alisimama kidogo kabla ya kuketi.

"Sogea," alisema.

Wenceslaus alidhani anamwambia memsahibu. Lakini Bi Joha hakuwa amemtazama memsahibu.

Njia nzima Bi Joha aliketi mgongo wake ukigusa mgongo wa yule mama, mikono yake ikiwa mapajani, imekunjwa kama iliyobeba kitu. Watu wa Kimamba walimwona akipita, Bi Joha wa Mabwerebwere, kwenye motokaa ile, na wakaacha walichokuwa wakifanya. Wenceslaus alisikiliza. Pumzi mbili nzito za wanawake. Na ile ya tatu, ikawa karibu zaidi kuliko siku yoyote, imetulia.

Alipofungua mlango pale kambini, sauti ya Sesilia ikatoka chumbani. Memsahibu akaamka. Alitazama kuta za udongo, akamtazama Bi Joha, kisha akasikiliza sauti ile mpaka ilipokatika. Akashuka, viatu akaviacha garini.

"Memsahibu, hapa siyo—" Wenceslaus alianza.

"Mwache," Bi Joha alisema. "Nahitaji mtu wa kushika mgongo, na majirani zenu nawaona wamejificha. Hildegarda, toka nyuma ya mlango, kachemshe maji. Sijanyonywa damu, unaniona."

Hildegarda akatoka. Wakaingia, wanawake watatu, mlango ukafungwa. Kupitia ufa Wenceslaus aliona memsahibu akikaa mkekani, akimpokea Sesilia kifuani kwake, miguu ikiwa imenyooshwa kila upande, kama alivyoelekezwa. Sesilia hakugeuka kuangalia ni nani. Aliegemea tu, kwa uzito wake wote.

Hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, akarudi garini, akafunga mlango ili asisikie. Nje watu walianza kusogea, mmoja mmoja, mpaka ukingo wa uwanja. Ndani ya gari kulikuwa kimya kama chini ya maji. Viatu vya memsahibu vilikuwa sakafuni, kimoja kimelala.

Mbili fupi. Kimya. Moja ndefu.

Hapakuwa na mtu kwenye kiti cha nyuma. Wenceslaus aliweka mikono kwenye usukani akaangalia mbele, kwenye mistari ya mkonge iliyonyooka mpaka ilipokutana. Ilikuwa nyuma ya sikio lake la kushoto. Ikawa karibu na bega. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, na kioo kimefunguka upana wa vidole. Mbili fupi. Kimya. Akangoja ile ndefu, na haikuja. Alingoja mpaka akagundua kwamba hata yeye ameacha kupumua.

Chumbani mtoto akalia.

Alikuwa msichana. Bi Joha alisema alimgeuza kwa shida, mtoto akatoka amenyamaza, wakadhani amekwenda kama mwenzake, kisha akavuta pumzi mwenyewe, bila kupigwa. Kabla jua halijazama wanawake wa kambini walikuwa wamejaa uani, na Hildegarda alileta chumvi, akaiweka jikoni bila kusema neno. Sesilia alilala kando ya ukuta, akiwa hai, jasho limemkauka usoni. Bi Joha akatandika mkeka wake kwenye sakafu. Safari hii hakulala mgongoni kwa Sesilia.

Wenceslaus alimrudisha memsahibu nyumbani akiwa macho. Aliketi wima katikati ya kiti, gauni lina damu ya Sesilia, akiangalia nje kama mtu anayeona shamba kwa mara ya kwanza. Gari lilikuwa kimya. Wenceslaus alisikiliza njia nzima, na alisikia saa ya dashibodi, na ngozi ya kiti, na mwanamke mmoja akipumua.

Usiku ule, mpishi alisema, memsahibu alilala kitandani kwake. Hakuomba tena kuzungushwa. Matairi yale laini yaliisha kabla ya wakati wake, kwa sababu hayakufaa changarawe, na bwana akafunga mengine ya kawaida, yenye kelele. Wenceslaus aliendesha gari lile miaka mingi baadaye, na watoto wapya wakazoea kumpungia mkono.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile alirudi kambini, akanawa mikono, akaingia. Bi Joha alimpa mtoto bila kumtazama machoni.

Alimwinua mpaka sikioni. Alisimama hivyo muda mrefu kiasi cha Sesilia kufungua macho.

"Anapumua vizuri?" Sesilia aliuliza.

Mbili fupi. Kimya. Moja ndefu, iliyokwama kidogo mwishoni.

Wenceslaus alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Anapumua vizuri," alisema, akamrudishia Sesilia mtoto wake.